Namba Iliyoitwa Tasa kwa Miaka 92

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya walimu na wanafunzi wa hisabati. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Michoro ya ubaoni nimeiacha. Hesabu zenyewe zinafuatika kwa kalamu na karatasi.

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, ndugu zangu nyote, nawasalimu.

Niliombwa nije nizungumzie namba. Hakuna aliyeniambia namba ngapi, kwa hiyo nimekuja na moja. Hii hapa: 4,294,967,297. Hebu tuisome pamoja kwa sauti, nyinyi wa nyuma nanyi nataka kuwasikia. Bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, laki tisa na elfu sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Asanteni.

Ina sura gani namba hii? Haina sura. Ukiiokota imeandikwa kwenye kikaratasi utadhani ni namba ya simu ya mtu. Lakini kaeni nayo kidogo.

Chukueni ubao wa sataranji. Kisa cha punje wengi mnakijua: chumba cha kwanza punje moja, cha pili mbili, cha tatu nne, kila chumba mara mbili ya kilichotangulia. Wanaokisimulia kisa hiki hukimbilia chumba cha 64, watu wapigwe na butwaa. Mimi nawasimamisha katikati ya ubao. Vyumba 32 vya mwanzo, ukijumlisha vyote, vina punje 4,294,967,295. Chumba cha 33 peke yake kina 4,294,967,296. Sasa dondosha punje moja zaidi juu ya chumba hicho cha 33. Hiyo ndiyo namba yetu. Kwa lugha ya darasani ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 2 thelathini na mbili zilizozidishwa pamoja, jumlisha 1.

Mnajua namba tasa ni nini: ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nalipenda sana neno hili. Tasa ni asiyezaa. Namba kama 15 ina watoto, 3 na 5. Namba kama 17 haina. Sasa namba yetu hii ilitangazwa kuwa tasa mwaka 1640, ikakaa na jina hilo miaka 92, na aliyeitangaza hakuwa mtu mdogo.

Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa. Mchana alikuwa na mahakama yake. Hisabati ilikuwa kazi ya baada ya kazi. Hakuwa mtu wa kuchapisha vitabu, alikuwa mtu wa barua. Na katika barua za mwaka 1640 aliwaeleza wenzake jambo aliloligundua. Chukua 2, ipe kipeo 1, jumlisha 1: unapata 3. Ipe kipeo 2: unapata 5. Kipeo 4: 17. Kipeo 8: 257. Kipeo 16: 65,537. Mmeona vipeo vyenyewe navyo vinajirudufu? Moja, mbili, nne, nane, kumi na sita.

3 ni tasa. 5 ni tasa. 17 ni tasa. 257 ni tasa, jaribuni 2, 3, 5, 7, 11 na 13, hakuna itakayoigawa, na zaidi ya hapo hamna haja ya kwenda, maana inayofuata ni 17, na 17 mara 17 tayari inaipita 257. 65,537 inasumbua kidogo, kuna namba tasa 54 za kujaribu, lakini jioni moja inatosha. Nayo ni tasa.

Tano mfululizo! Inayofuata ni kipeo 32, yaani namba yetu. Ningekuwa mimi, ningesema nini? Wewe ungesema nini? Dalili ya mvua ni mawingu, na hapa mawingu yalikuwa matano, meusi, yamefuatana. Fermat akasema zote ni tasa, namba yetu ikiwemo, na zinazofuata bila mwisho. Alikiri hana uthibitisho kamili, lakini moyo wake ulikuwa umetulia. Aliiandika namba hii kwa tarakimu zake zote, akaandika na inayofuata, yenye tarakimu 20, akaziweka katika orodha moja na zile tano.

Kwa nini hakuigawanya tu? Swali zuri. Kuhakikisha namba hii kwa nguvu, bila akili, unatakiwa ujaribu kila namba tasa iliyo chini ya 65,536. Ziko 6,542. Kila moja ni mgawanyo mrefu, kwa wino, bila mashine. Mtu mwenye kesi za watu mezani hafanyi hivyo. Kwa hiyo hapo namsamehe.

Lakini kuna mahali simsamehi, na nitafika.

Mwaka 1729 mwanahisabati Christian Goldbach alimwandikia barua kijana mmoja aliyekuwa St. Petersburg, Urusi. Mwishoni mwa barua akamdokezea: unajua Fermat alisema namba hizi zote ni tasa? Kijana huyo alikuwa Leonhard Euler, umri miaka 22. Mwanzoni Euler hakuonyesha hamu yoyote. Baadaye jambo likamwingia. Mwaka 1732 akatoa jibu, fupi kama risiti: namba hii inagawanyika kwa 641.

Miaka 92 inaitwa tasa, kumbe ina mtoto.

Sasa jamani, mtu anaifikiaje 641? Alijaribu zote kuanzia 2? Hapana. Njia yake Euler aliieleza kwa ukamilifu baadaye, nami nataka muione, maana ndiyo utamu wenyewe. Anayetaka kusinzia asubiri kidogo.

Fikirieni saa ya ukutani, ile ya mishale. Badala ya alama 12, ina alama 641, kuanzia 0 hadi 640. Simameni kwenye 1. Kila hatua ni kuzidisha kwa mbili. 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256, 512. Hatua ya kumi inatupeleka 1,024, lakini tumeshapita mzunguko, kwa hiyo toeni 641: tuko kwenye 383. Tuendelee. 766 inakuwa 125. Halafu 250. Halafu 500. 1,000 inakuwa 359. 718 inakuwa 77. Halafu 154. Hesabuni: hatua 16, tuko kwenye 154.

Hatua 16 nyingine ni sawa na kuzidisha 154 kwa 154. Nani ananipa jibu? Naam, 23,716. Na 641 mara 37 ni ngapi? 23,717. Mmeona? Tumepungukiwa moja tu! Baada ya hatua 32 tumesimama alama moja nyuma ya sifuri. Ongezeni ile 1 iliyo mwishoni mwa namba yetu, tunaanguka kwenye sifuri kamili. Hakuna baki. Mtoto amepatikana, na hatujafanya mgawanyo mrefu hata mmoja.

Sasa sahauni 641, mchukueni mtoto yeyote aliye tasa wa namba hii, hata ambaye hamumjui. Kwenye saa yake, hatua 32 zitamweka alama moja nyuma ya sifuri, yaani hasi 1. Hatua 32 nyingine zitaifanya hasi mara hasi, na atakuwa amerudi kwenye 1. Kwa hiyo mzunguko wake ni hatua 64 kamili. Hauwezi kufunga mapema, kwa sababu ungefunga kwa 32, au kwa kitu kinachogawa 32, basi kwenye hatua ya 32 angekuwa kwenye 1, na sisi tumemwona nyuma ya sifuri. Halafu kuna kanuni nyingine: kwenye saa yenye alama ambazo idadi yake ni tasa, ukizidisha mara nyingi kama idadi ya alama ukitoa moja, lazima urudi kwenye 1. Kwa hiyo idadi ya alama, ukitoa moja, lazima igawanyike kwa 64.

Yaani watoto wote wa namba yetu wana alama ya ukoo: ukiwagawa kwa 64, baki ni 1.

Haya, tuwatafute. 65, hiyo si tasa. 129, si tasa. 193, hiyo ni tasa. Gawanya, baki ni 109. 257, baki 2. 321 na 385 si tasa. 449, baki 325. 513 si tasa. 577, baki 288. 641, baki sifuri.

Mara ngapi tumegawanya? Mara tano. Kutoka 6,542 hadi tano!

Na hapa ndipo simsamehi Fermat. Ile kanuni ya saa niliyoisema ni ya nani? Ni yake mwenyewe, Fermat, aliiandika mwaka uleule wa 1640. Na alikuwa ameshaitumia kwa kazi ya namna hii hii: alichukua 2 kwa kipeo cha 37 akatoa 1, ikawa 137,438,953,471, akaona watoto wake lazima waache baki 1 wakigawanywa kwa 74, akamkamata 223 karibu mlangoni. Silaha alikuwa nayo mkononi. Migawanyo mitano ilimtenganisha na ukweli. Mimi nadhani alijaribu, akakosea hesabu mahali, akaendelea na maisha yake. Siwezi kuthibitisha, ila nina sababu ya kufikiri hivyo, nayo ni ya aibu.

Nikiwa mwanafunzi nilisoma kwamba 641 inaigawa namba hii, nikataka kuona kwa macho yangu. Kikokotozi changu kilikuwa na nafasi za tarakimu nane, namba ina kumi, kikagoma. Nikachukua karatasi. Tufanye pamoja kama nilivyofanya.

641 kwenye 4294: inaingia mara 6, ni 3846, baki 448. Shusha 9: 4489. Inaingia mara 7, ni 4487, baki 2. Mbili tu! Nikadhani nimekaribia. Shusha 6: 26, haiingii. Shusha 7: 267, haiingii. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448. Ile 448 imerudi! Shusha ya mwisho, 7: 4487. Na 4487 tumeshaiona, ni 641 mara 7 kamili. Mwanzoni 448 ilipata 9 ikabaki na 2 mkononi; mwishoni ile ile 448 imepata 7 na hesabu imefunga. Nilipiga meza.

Halafu nikaandika jibu: 670,417. Nikazidisha kwa 641 kuhakikisha. Nikapata 429,737,297. Nikazidisha tena. Vilevile. Nikalala nikiamini kitabu kimekosea. Mmeona kosa langu? Zile "haiingii" zilikuwa mbili, nami niliandika sifuri moja. Jibu ni 6,700,417. Sifuri moja ilinipeleka usingizini nikiwa upande wa Fermat. Kwa hiyo nikisema huenda naye alikosea kitu kidogo, nasema kama mwenzake.

Na huyo 6,700,417, naye ana watoto? Alama ya ukoo inatusaidia tena, na mwanahisabati Édouard Lucas aliinoa mwaka 1878: baki ni 1 hata ukigawa kwa 128. Kipeuo cha pili cha 6,700,417 hakifiki 2,589. Chini ya hapo, namba tasa zenye alama hiyo ni 257, 641, 769, 1,153 na 1,409, basi. 257 tumeshaitoa. Zilizobaki zinaacha baki 44, 120, 334 na 622. Migawanyo minne, na huyo ni tasa kwelikweli. Kwa hiyo namba yetu ina watoto wawili tu, 641 na 6,700,417. Mmoja kijitu, mwingine pandikizi la mtu.

Kuna mtoto mwingine, wa kibinadamu, ambaye lazima nimtaje. Zerah Colburn alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1804. Baba yake alimzungusha kwenye maonyesho kwa sababu ya kipaji chake cha kupiga hesabu kichwani. Mwaka 1812 wakafika London. Wakamwekea namba yetu: je, ina vigawo? Mtoto wa miaka minane, bila karatasi, akajibu 641 mara 6,700,417. Watu hukisimulia kisa hiki kwa mshangao, nami nashangaa pia, ila nimeshawaonyesha kwamba kutoka 64 hadi 641 njia si ndefu. Kama kichwa chake kilipita njia ile au kilipiga kwa nguvu, kila mtu aamue mwenyewe.

Ngojeni, kuna jambo ninalolipenda kuliko hayo yote.

Namba yetu ni jumla ya miraba miwili, hilo liko wazi: mraba wa 65,536 na mraba wa 1. Sasa tazameni hii: mraba wa 62,264 ni 3,876,805,696. Mraba wa 20,449 ni 418,161,601. Jumlisheni. 4,294,967,297! Namba ileile, imeandikwa kama miraba miwili kwa njia ya pili. Na namba tasa haiwezi kufanya hivyo. Ama haiandikiki hivyo kabisa, ama ina njia moja peke yake. Ukiona njia mbili, ujue ina watoto, hata kama hujawaona. Euler alikuwa bingwa wa hoja hii. Njia ya pili inatoka kwa watoto wenyewe: 641 ni mraba wa 25 na wa 4, na 6,700,417 ni mraba wa 2,556 na wa 409. Tena 20,449 nayo ni mraba wa 143. Hilo la mwisho halina kazi yoyote, nimelitaja kwa sababu ni zuri.

Sasa nije kwenye tabia mbaya ya namba yetu. Ndiyo, ina tabia mbaya. Ni mwongo.

Leo kompyuta ikitaka kujua kama namba kubwa ni tasa, haianzi kwa kutafuta watoto. Jaribio rahisi kabisa linatumia ileile kanuni ya saa: tengeneza saa yenye alama nyingi kama namba unayoishuku, anza kwenye 1, zidisha kwa 2 mara nyingi kama namba hiyo ukitoa moja. Usiporudi kwenye 1, si tasa, kesi imekwisha. Ukirudi, inaelekea ni tasa.

Ipe namba yetu jaribio hilo. Kwenye saa yake, hatua 32 zinakufikisha kwenye 4,294,967,296, alama moja nyuma ya sifuri. Hatua 64 zimekurudisha kwenye 1. Na hatua tunazotakiwa kupiga ni 4,294,967,296, ambazo zinagawanyika kwa 64 bila baki. Kwa hiyo inarudi kwenye 1, inafaulu mtihani, inatoka kifua mbele. Yaani hata kama Fermat angeipima kwa kanuni yake kwa kutumia 2, ingemdanganya usoni.

Ibane kwa 3 badala ya 2. Unatakiwa upate 1, unapata 3,029,026,160. Imeumbuka. Mwaka 1877 Théophile Pépin, Mfaransa, alionyesha kwamba kwa ukoo huu wa Fermat hiyo 3 haidanganyiki kamwe: ukipiga nusu ya hatua, lazima usimame nyuma ya sifuri kama namba ni tasa, na usiposimama hapo si tasa. Namba yetu inasimama kwenye 10,324,303. Mbali kabisa. Shikeni jaribio hili la Pépin, tutalihitaji kabla sijashuka.

Majirani wake je? Wa kwanza nyuma yake, 4,294,967,296, mnaishi naye kila siku. Kompyuta zenye rejesta za biti 32, yaani zinazoshika namba katika nafasi 32 za 0 au 1, zinaweza kuhesabu kutoka 0 hadi 4,294,967,295, kisha zinarudi sifuri. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani, ule wa toleo la nne, idadi yake yote ni hiyo 4,294,967,296. Na mashine inayohesabu muda kwa elfu za sekunde ndani ya biti 32 inajaza kibaba baada ya siku 49, saa 17 na dakika chache. Kumewahi kuwa na mfumo endeshi mashuhuri uliokuwa unaganda baada ya siku 49 kwa sababu hiyo hiyo. Namba yetu mashine hizo haziwezi kuishika hata ukizibembeleza: iko nje ya mlango kwa hatua mbili.

Jirani wa pili nyuma ndiye mwenye makuu. 4,294,967,295. Zidisheni zile tano za Fermat: 3 mara 5 ni 15. Mara 17 ni 255. Mara 257 ni 65,535. Mara 65,537 ni 4,294,967,295. Kila mara unapungukiwa mbili tu kuifikia inayofuata! Maana yake, ukiigawa namba yetu kwa yoyote kati ya zile tano, baki ni 2. Ndiyo maana 257 ilitupa 2. Goldbach aliliona hili: ndugu hawa hawachangii kigawo chochote, kila mmoja ana damu yake. Na kwa kuwa hawana mwisho, na kila mmoja anakuja na tasa mpya ndani yake, namba tasa nazo hazina mwisho.

Tarehe 30 Machi 1796 mwanahisabati Carl Friedrich Gauss, hajatimiza hata miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake. Tangu enzi za Wagiriki wa kale hakuna aliyeongeza umbo jipya lenye idadi tasa ya pande kwenye orodha. Siri ilikuwa kwamba 17 ni tasa ya Fermat. Maumbo yenye pande witiri yanayochorwa hivyo ni yale tu ambayo pande zake ni zao la tasa tofauti za Fermat. Tasa hizo tunazozijua ni tano, kwa hiyo maumbo ni 31, na kubwa kuliko yote lina pande 4,294,967,295. Laiti namba yetu ingekuwa tasa kweli, orodha ingeendelea. Imeishia mlangoni kwake.

Kuna mtu alichukua umbo la pande 65,537 kwa uzito. Johann Gustav Hermes alilifanyia kazi miaka kumi, akamaliza mwaka 1894, na maandiko yake yakahifadhiwa Göttingen, Ujerumani, ndani ya sanduku. Umbo hilo ukilichora, hata kwenye ukuta, ni duara. Miaka kumi, jamani. Na 65,537 yenyewe leo ina kazi nyingine kabisa: mara nyingi ukifungua tovuti salama, namba hiyo ni sehemu ya ufunguo, kwa sababu ukiiandika kwa biti, yaani kwa 0 na 1 peke yake, ina 1 mbili tu, mwanzoni na mwishoni, kwa hiyo mashine haichoki.

Nimalizie na wadogo zake, wale wanaofuata kwenye orodha.

Yule wa tarakimu 20 alikuwa 18,446,744,073,709,551,617. Mwaka 1880 Fortuné Landry, mzee wa zaidi ya miaka themanini, alionyesha watoto wake: 274,177 na 67,280,421,310,721. Anayefuata alisubiri kompyuta hadi mwaka 1970. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Na unajua Fermat amepata wangapi wa ziada katika karibu miaka 400? Hata mmoja. Kutoka namba yetu hadi ile yenye kipeo ambacho ni 2 kwa kipeo cha 32, hao ni 28, wote si tasa. Alipata tano za kwanza sawasawa, kisha hajapata tena.

Kati ya hao wamo wawili wa ajabu. Kipeo cha mmoja ni 2 kwa kipeo cha 20, na cha mwingine ni 2 kwa kipeo cha 24. Jaribio la Pépin lilipigwa, mmoja mwaka 1987, mwingine mwaka 1999, na yote mawili yakasema wazi: hawa si tasa. Wamezaa. Lakini hakuna aliyewahi kumwona mtoto wao hata mmoja. Tunajua wapo, hatujui majina.

Na anayesimama mwanzo wa giza ni yule ambaye kipeo chake ni 2 kwa kipeo cha 33. Ana tarakimu zaidi ya bilioni 2.5. Jaribio la Pépin kwake linadai uzidishe namba ya ukubwa huo kwa yenyewe mara zaidi ya bilioni 8.5, moja baada ya nyingine, bila kukosea sifuri hata moja. Tasa, au amezaa? Hakuna anayejua.

Nimegawa karatasi mlangoni. Nimeziandikia zile tasa tano, kuanzia 193 hadi 641, na mabaki niliyoyapata mimi. Ila nimeshawaambia historia yangu na sifuri. Anayetaka kunikamata, aanze na 577. Mimi nimepata 288.